Nne ni Nne

Benchi la Aling Pacing, mama muuza kahawa, lina miguu mitatu na tofali, limeegemea ukuta wa kibanda cha kubetia farasi pale kona ya Santa Cruz, na wanaolikalia wanasema ndilo bunge halisi la Manila, ni mishahara tu haijapitishwa. Farasi wenyewe hawapo hapo. Farasi wako Cavite, mwendo wa saa mbili kwa basi kama barabara imeamka vizuri. Santa Cruz wanafika ndani ya televisheni inayotazama nje dirishani, televisheni ambayo tangu mafuriko ya mwaka jana imepoteza rangi nyekundu, kwa hiyo farasi ni wa buluu, matope ya buluu, na kila kilichokuwa chekundu kimegeuka cheusi. Mlangoni kuna kibao kinachokataza watoto. Ndiyo maana Luningning, Jumapili ile saa kumi na nusu alasiri, na mwanawe Popoy amemning'inia kifuani, aliomba nafasi mwisho wa benchi, upande wa tofali, akaagiza kahawa asiyoitaka, akakodolea macho dirisha, moyo unamwenda mbio kuliko farasi yeyote aliyewahi kuzaliwa.

Mumewe, Crispulo, ambaye nyumbani anaitwa Pulo, alikuwa anapanda farasi katika mbio za mwisho za siku hiyo. Mwezi wa tatu alirudi nyumbani bega limefungwa bandeji, akasema kateleza bafuni, na Luningning alimwamini mpaka alipomwosha nywele akamkuta na majani sikioni, sasa bafu gani hilo linaota majani? Tangu siku hiyo neno bafuni likawa la kwao wawili, likitajwa mmoja anacheka na mwingine anageukia ukuta. Siku tano hizi Pulo hajagusa wali, asubuhi anakimbia mtaani juani na koti la mvua ili atokwe jasho, atimize kilo hamsini. Leo akamwambia mkewe abaki nyumbani. Akamwambia hakuna hatari, mimi ni Nne A, kazi yangu ni kutangulia niwachoshe wengine, Nne mwenyewe aje kushinda, halafu mimi narudi nyuma taratibu kama mtu aliyesindikiza wageni. Utanijua kwa kofia nyekundu, mwenzangu ana nyeusi. Na ukienda kibandani usimwambie mtu kwamba wewe ni mke wa mpanda farasi, nikishinda watakuomba siri, nikishindwa watakutukana. Basi akaja, akanyamaza. Simu aliiweka mapajani ingawa alijua haitalia, wapandaji wananyang'anywa simu mlangoni, wanarudishiwa mbio zote zikiisha.

— Usiegemee, binti, hapo ni tofali, — alisema Aling Pacing akimmiminia kahawa ya Batangas nyeusi kama lami. — Na huyo mtoto mfiche, Ndoto asimwone. Atamwomba namba.

Alichelewa. Ndoto, jina lake hasa Eboy, dereva wa bajaji asiyepakia abiria siku za mbio, alikwisha mwinamia Popoy.

— Bwana mkubwa ana miezi mingapi?

— Minane.

— Nane! Mmesikia? Nane! Jana nimeota nang'olewa jino la nane.

— Jino la nane unahesabu kuanzia wapi? — aliuliza Doming, muuza nyama wa sokoni ambaye kijiwe kizima kinamwita Kilo, maana hakuna jambo duniani asilolipima.

— Kuanzia linapouma.

— Juzi umepakia mama na kuku wanane, ukabeti nane, nane akafika kesho yake.

— Kuku walikuwa tisa. Mmoja alikuwa amelala, sikumwona.

— Nyie mnabeti kwa meno na kuku, — alisema Mang Tasyo, mkubwa wao, akikunjua ratiba ya mbio. Mang Tasyo alifanya kazi ya kupanga herufi kwenye kiwanda cha kuchapa ratiba hizo miaka thelathini na moja, na akiwa hayupo wanamwita Gazeti. — Mchezo huu ni historia, wanangu. Historia!

Luningning alikohoa.

— Samahani, mzee. Hiyo A kwenye Nne A, maana yake nini?

Benchi lote liligeuka, tofali likalia. Hakuna kinachowafurahisha watu wa kijiwe kama mtu asiyejua, ni kama wameokota embe.

— Ngoja, — alisema Kilo, — huwezi kumwanzishia mtu kwenye A. Binti, anzia kwenye sufuria. Pesa za watu wote, za nchi nzima, zinaingia sufuria moja. Mwenye nyumba anachota wa kwanza.

— Kwa upawa mkubwa, — alisema Aling Pacing.

— Kwa upawa mkubwa. Kilichobaki wanagawana waliopatia. Mkiwa wengi mliopatia, kila mtu kijiko. Ukiwa peke yako, unakula mpaka ukoko. Sasa, yule farasi anayependwa na kila mtu anaitwa liyamado, anashinda lakini analipa kijiko. Yule asiye na mtu anaitwa dehado. Akishinda dehado, unabadilisha bati la nyumba.

— Tangu nikujue hujabadilisha bati, Kilo.

— Kwa sababu dehado wangu wote ni waaminifu, wanabaki kuwa dehado.

— Na mtu anabeti mshindi tu? — aliuliza Luningning.

— Mshindi tu kama una haya. Ukitaka makubwa, unataja wa kwanza na wa pili, kwa mpangilio wao. Na kuna mkeka wa kutaja washindi wa mbio sita mfululizo, huo ni wa watu wasioipenda familia yao.

— Mimi huo ndio nilionao, — alisema Ndoto.

— Tunajua. Mkeo alipita hapa.

Luningning alichungulia dirishani. Farasi wa buluu walikuwa wanazungushwa taratibu, mvua inawanyeshea kule Cavite, na yeye hakuwaona wapandaji bado. Alikunywa kahawa ikamuunguza, akashukuru kwa sababu aliunguzwa mahali anapopajua.

— Wahispania ndio walioanza hapa, — Mang Tasyo hakusubiri kuulizwa. — Si uwanjani. Barabarani! Kutoka kanisa la San Sebastian mpaka kanisa la Quiapo, moja kwa moja, kona hakuna. Mabwana wakubwa wamejaa kandokando na miavuli, na zawadi ni saa ya dhahabu.

— Kwa nini wamalizie kanisani? — aliuliza Ndoto.

— Ili aliyeshindwa akaungame.

— Hapana, — alisema Kilo. — Kwa sababu farasi walitoka Meksiko kwa meli, miezi wanatapika tu. Wakifika wanataka kukimbia mbali na bahari. Kanisa lilikuwa njiani.

— Meli ipi iliyowapima uzito, Kilo?

— Unamcheka Kilo bure, — alisema Ndoto, sauti imeshuka kama mtu anayetoa siri ya serikali. — Mbio za kwanza duniani hazikuwa hapa wala Hispania. Zilikuwa kwenye safina. Nuhu kachukua farasi wawili, sivyo? Mvua imekwisha, mlango unafunguliwa. Mmoja katoka wa kwanza! Na mle ndani watu walikuwa wangapi? Hesabuni. Nuhu na mkewe, wana watatu na wake zao. Wangapi?

Kilo alihesabu kwa vidole.

— Nane, — alisema Kilo kwa uchungu.

— Nane! Ipo kwenye maandiko!

— Farasi wote wa mbio duniani, — Mang Tasyo alipandisha sauti kuzima safina, — ukifuata ukoo wao kwa baba unafika kwa madume watatu tu waliopelekwa Uingereza zamani. Watatu! Hilo nimelipanga kwa mikono yangu, ukurasa wa nyuma, toleo la Krismasi.

— Kwa hiyo hao wote ni ndugu?

— Binamu wote.

— Basi sisi miaka yote tunabeti ugomvi wa mirathi, — alisema Aling Pacing, akaenda kuongeza maji.

Mlio wa kengele ulisikika nyuma ya kioo. Luningning akauliza haraka, maneno yakigongana mdomoni, kwamba samahani, bado hamjaniambia A, A ni ya nini, na huyo Nne A ni mzuri, yuko salama, maana nasikia anatangulia?

— Nne na Nne A ni wa tajiri mmoja, — alisema Kilo. — Mwenye mali akiwa na farasi wawili kwenye mbio moja, wanahesabiwa nyumba moja, tiketi moja. Ukibeti nne umewabeti wote wawili. Yeyote kati yao akifika, umefika. Nne ni nne.

— Nne mwenyewe anaitwa Heneral, — alisema Mang Tasyo. — Farasi kweli huyo. Nne A anaitwa Tuyo.

— Tuyo, samaki mkavu?

— Mkavu kweli, — alisema Kilo. — Yule ni kifuniko cha sufuria, anatangulizwa akatoke jasho. Na anayempanda, sijui kijana gani yule, ana masikio hivi...

— Ana masikio, — alisema Luningning bila kujua kwamba amesema.

— Makubwa! Yanamvuta nyuma kama tanga. Mwezi wa tatu nilimwona kwa macho yangu anaanguka, hakuguswa na mtu. Kadondoka kama nazi.

— Kama nazi?

— Kama nazi, binti. Pwaa! Tukacheka mpaka Ndoto akamwaga kahawa.

Luningning alimshika Popoy kichwa kwa mkono wote. Bafuni, alijisemea, bafuni, bafuni, Mungu wangu, na hawa walicheka.

— Wameingia getini! — alipiga kelele Ndoto.

Watu wa benchi wakasimama wote isipokuwa Luningning. Farasi tisa wa buluu walichomoka kwenye mvua ya buluu, na mtangazaji nyuma ya kioo akaanza ile sala yake ya haraka isiyo na nukta. Mbele kabisa alitoka mmoja peke yake, kofia nyeusi, na Luningning alijua ni Pulo kwa sababu anatangulia, kama alivyosema, yuko peke yake, hakuna wa kumgusa, tangulia baba, rudi nyuma taratibu, sindikiza wageni urudi nyumbani. Kisha wengine wakamfikia. Kofia nyeusi nyingine ikaja kando ya ile ya kwanza, jaketi zile zile, matope yale yale, na hapo akawapoteza. Alitafuta kofia nyekundu. Televisheni haikuwa na nyekundu.

— Nne na nane! — alilia Kilo. — Nne na nane! Nipe hivyo hivyo!

— Nane! Safina! Safina!

Kwenye kona ya mwisho farasi mmoja alikunja miguu ya mbele kana kwamba anataka kupiga magoti, na aliyempanda akapita juu ya kichwa chake, akaingia kwenye matope, na wenzake wakapita.

— Nne ameanguka! — sauti ya mtangazaji ilipasuka. — Nne ameanguka, na anayeongoza ni nne, ni nne na nane, nne na...

Umeme ukakatika.

Televisheni ilijimeza ikabaki nukta moja katikati, na nukta nayo ikaenda. Mtaa mzima ulisema "Ayyy!" kwa sauti moja, feni za kibandani zikapunguza mwendo zikasimama. Luningning aliinuka ghafla, na kwa vile yeye ndiye aliyekuwa uzito wa upande wa tofali, na Kilo alikuwa amerudi kukalia ncha ya pili kwa furaha, benchi likampindua Kilo mpaka chini.

— Nne ameanguka au kashinda? — aliuliza Kilo akiwa chini.

— Vyote viwili, — alisema Mang Tasyo.

— Mtu anaangukaje akashinda?

— Mimi niliwahi, — alisema Ndoto. — Kwenye ndoto.

Wena, msichana wa dirisha la tiketi, alitoa kichwa nje na simu mkononi.

— Ofisini wamenitumia matokeo! Kwanza nne, pili nane! Mashine imezimika, subirini umeme ndio nilipe!

Ikawa sherehe. Kilo alimkumbatia Ndoto, Ndoto akamkumbatia nguzo, wakaambiana kwamba waliambiana, na Mang Tasyo aliinua ratiba juu kama bendera. Katikati ya kelele zile Luningning alisema kitu, hawakusikia. Akasema tena. Popoy akaanza kulia, na ndipo wakanyamaza wakamsikia.

— Aliyeanguka ni yupi?

— Nne, binti, lakini usijali...

— Nne yupi? Nne au Nne A?

Kilo alimtazama Mang Tasyo. Mang Tasyo akamtazama Ndoto. Ndoto akatazama televisheni iliyokufa.

— Haijalishi, — alisema Kilo polepole. — Tiketi ni moja. Nne ni...

— Usimalizie, — alisema Aling Pacing. Alikuwa amesimama na birika, anamtazama Luningning usoni, si mtoto wala kahawa. — Binti. Wewe nani wako yuko kule?

— Yule mwenye masikio, — alisema Luningning. — Ni baba wa huyu.

Kilo alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

— Ile ya nazi, — alisema, — nilikuwa... Nazi ngumu ile, dada. Nazi nayo haivunjiki hivi hivi.

— Nyamaza, Doming.

— Nimenyamaza, Aling Pacing.

— Wena! — Mang Tasyo alibisha kioo kwa kifundo. — Waulize ofisini aliyeanguka ni nani!

Wena aliandika, akasubiri, akasoma.

— Wanasema nne.

— Nne yupi!

Aliandika tena, akasoma tena, akatoa sauti ndogo.

— Wanasema tiketi ni moja.

Hapo ndipo bunge lote lilipoanza kazi, na halijawahi kufanya kazi namna hiyo. Kilo alisema tupime: Heneral ana mzigo wa madini ya risasi kwenye tandiko kwa sababu ni mzuri, wanamwekea uzito ili alingane na wengine, na chenye uzito ndicho kinachozama matopeni, kwa hiyo aliyeanguka ni Heneral, hesabu haidanganyi. Ndoto akasema nawasha bajaji nimpeleke Cavite sasa hivi, wakamwambia bajaji hairuhusiwi barabara kuu, akasema basi tutapita pembeni, wakamwambia pembeni ni bahari. Mang Tasyo aliwaachia kelele zao. Alikuwa amesogeza ratiba karibu na pua, anatafuta jina.

— Anaitwa nani mumeo, binti?

— Crispulo Malabanan.

— Najua limeandikwa humu. — Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. — Jina la farasi ni hili, kubwa. Namba hii, kubwa. Baba wa farasi, mama wa farasi. Jina la mpandaji... — Alimpa Ndoto, Ndoto akakodoa, akampa Wena dirishani, Wena akamulika kwa simu. — Miaka thelathini na moja, — alisema Mang Tasyo, — nimeyapanga majina yao kwa herufi ndogo kuliko zote zilizokuwamo kiwandani. Hakuna msomaji aliyewahi kulalamika.

Luningning alikaa tena upande wa tofali, safari hii wote wakakaa kwa uangalifu ili benchi lisimtupe. Alimnyonyesha Popoy chini ya kitambaa alichombebea. Alitaka kuwaambia wasimtazame hivyo, alitaka kuwaambia waendelee kubishana, wakinyamaza ndipo anasikia farasi. Aling Pacing alimmiminia, akamimina tena, mpaka birika likatoa matone na machicha.

— Imekwisha, — alisema. Na kwa mara ya kwanza kahawa iliisha pale kona bila mtu kugomba.

Umeme ukarudi. Feni zikapiga chafya, televisheni ikajikusanya kutoka kwenye nukta, na kilichotokea ni mama wa buluu anapika supu ya samaki wa buluu. Mbio zilikwisha kitambo. Wena aliwaita, mashine inafanya kazi, njooni na tiketi. Hakuna aliyeinuka. Kilo alikuwa ameishika tiketi yake kama kitu cha mtu mwingine.

Simu ikatetemeka mapajani.

Luningning hakuweza kuisoma. Alimpa Aling Pacing, Aling Pacing hakuwa na miwani, akampa Ndoto, na Ndoto akausoma ujumbe wa Pulo kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza:

— "Nimeteleza bafuni kidogo. Nimesimama mwenyewe. Pika wali, sufuria ile kubwa."

Kijiwe kizima kiliinamia simu.

— Bafuni? — alisema Kilo. — Kule kuna bafu?

— Lipo, kwenye chumba cha wapandaji, — alisema Mang Tasyo bila uhakika. — Huenda alikuwa anaoga baada ya ushindi.

— Kwa hiyo Tuyo ndiye kashinda! — alisema Ndoto. — Dehado!

— Au alianguka, halafu akaoga, halafu akateleza.

— Mara mbili kwa siku moja?

Luningning alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka na machozi yanamshuka mpaka kwenye nywele za Popoy, amejishika tumbo, anasema mjinga, mjinga huyu, majani sikioni, nitamwosha mimi, nitamwosha kwa brashi ya viatu. Aliinuka, safari hii polepole, Kilo akashika ncha yake ya benchi kwa mikono miwili.

— Dada, — Kilo alimwita alipokwisha vuka barabara nusu, kuelekea duka la mchele. — Tuambie basi, tulale. Aliyeanguka ni yupi?

Luningning aligeuka, akampandisha Popoy begani.

— Nne, — alisema. — Nne ni nne.